Kitabu cha shule hadi Kagerankanda: kanuni, kodi na mnunuzi mmoja

Muhula wa kwanza unapoanza Januari, nyanda za juu za Kigoma huwa katikati ya mvua. Katoni za vitabu zinazokwenda kata ya Kagerankanda, wilayani Kasulu, huwa zimekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na bado kipande kigumu cha safari kiko mbele: kutoka stoo ya halmashauri hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe anatumia kitabu kimoja pamoja na wenzake watatu huuliza maswali ya haki. Nani aliamua kitabu kiwe hicho na si kingine? Kilichapwa wapi? Mbona si rahisi kushuka Kasulu mjini, mtu akanunua cha kwake na cha hadithi juu yake?

Majibu yamo katika sheria, nyaraka za elimu na majedwali ya kodi. Kila kanuni iliandikwa na ofisi yake kwa sababu yake, na kila moja ikisomwa peke yake inaeleweka. Ni zinaposomwa pamoja ndipo sura nyingine hujitokeza. Tuzipitie moja baada ya nyingine.

Kwanza majina ya kazi. Mchapishaji ndiye anayechagua muswada, anayeingia mkataba na mwandishi, anayemlipa mhariri na mchoraji, na anayebeba hasara kitabu kisiponunuliwa. Mpigachapa ni mwenye mitambo: anapokea kazi iliyokwisha kupangwa, anatengeneza mabamba, anapiga kurasa, anakunja, anajalidi na kukabidhi katoni. Kampuni moja inaweza kufanya yote mawili, lakini hatari hazifanani. Mpigachapa hulipwa kwa idadi ya nakala alizoagizwa. Mchapishaji hulipwa kwa idadi ya nakala zilizouzwa.

Pili, aina za vitabu. Kitabu cha kiada ni kile ambacho muhtasari wa somo unakitaka na mwalimu anakifuata darasani. Kitabu cha ziada husaidia: hadithi za kujenga mazoea ya kusoma, mazoezi, marejeo. Nje ya hivyo kuna vitabu vya jumla, kama riwaya, vitabu vya dini, vya kilimo na vya historia. Nchini Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingi za Afrika, soko la vitabu kwa sehemu kubwa ni soko la shule. Anayeshika kanuni za shule ameshika karibu biashara yote.

Tatu, hesabu ya uchapaji, ambayo bila kuielewa mengine yote hubaki fumbo. Kuchapa kitabu kuna gharama za aina mbili. Ziko zinazolipwa mara moja hata ikichapwa nakala moja tu: uhariri, michoro, mpangilio, mabamba, kutayarisha mashine. Na ziko zinazoongezeka kwa kila nakala: karatasi, wino, gundi, kujalidi, katoni. Tuchukue mfano wa ubaoni. Gharama za mara moja ziwe shilingi 4,000,000, na kila nakala itumie karatasi na kazi ya shilingi 2,000. Ukichapa nakala 1,000, kila moja imekugharimu shilingi 6,000. Ukichapa 5,000, inashuka hadi 2,800. Ukichapa 50,000, ni 2,080. Takwimu ni za mfano, lakini mwendo wake ni wa kweli katika kila kiwanda cha uchapaji duniani: bei huamuliwa na ukubwa wa oda. Mwenye oda kubwa hupata kitabu cha bei nafuu, na mwenye oda ndogo, hata awe na kitabu kizuri kiasi gani, hushindwa kabla hajafika sokoni.

Kwa hiyo swali la nani anatoa oda kubwa ndilo swali la msingi, na Tanzania imelijibu kwa namna tatu tangu uhuru.

Namna ya kwanza ilikuwa ya dola. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, mitaala ikawekwa chini ya taasisi ya elimu iliyopewa sheria yake mwaka 1975, na uchapaji ukafanywa kwa sehemu kubwa na mashirika ya umma, kikiwamo kiwanda cha taifa cha uchapaji, KIUTA. Mpango huu ulibanwa na uhaba wa karatasi na fedha za kigeni katika miaka ya 1980, wakati ambapo elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imejaza madarasa.

Namna ya pili ilikuwa ya soko. Sera ya vitabu ya mwaka 1991 iliwafungulia mlango wachapishaji binafsi. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota. Muswada wa kitabu cha kiada ulipelekwa kwenye kamati ya kutoa ithibati ya vifaa vya elimu, iliyojulikana kwa kifupi chake, EMAC. Vitabu kadhaa vya somo moja viliweza kupata ithibati kwa pamoja, na shule au halmashauri ikachagua. Miongoni mwa manunuzi makubwa ya mwisho ya kipindi hicho ni yale yaliyotokana na pauni milioni 29.5 ambazo kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ililipa kufuatia kesi ya rada iliyoiuzia Tanzania, fedha ambazo Watanzania waliziita chenji ya rada na ambazo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Mwisho wa namna hiyo ulikuja ghafla. Mwaka 2013, baada ya mbunge James Mbatia kuonyesha bungeni makosa yaliyokuwa ndani ya vitabu vyenye ithibati, EMAC ilivunjwa. Mwaka uliofuata Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET, ilipewa jukumu la kuandaa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo na kila darasa. Hiyo ndiyo namna ya tatu, na ndiyo tuliyo nayo.

Utaratibu wa sasa huenda hivi. TET huandika mtaala na muhtasari, huandaa kitabu, hushika hakimiliki yake, kisha kazi ya kuchapa hutolewa kwa wapigachapa kwa zabuni. Nakala hugawiwa kupitia halmashauri hadi shuleni. Fedha za kazi hii zinaeleza mengi. Chini ya elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 hupelekwa shuleni kwa mahitaji ya kila siku, kama vile chaki, ukarabati na mitihani. 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Chukua shule ya Kagerankanda yenye wanafunzi 600. Fedha yake ya vitabu ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Shilingi hizo hazipiti Kasulu, wala hazipiti Kigoma. Mwenye duka, msambazaji na mwalimu wa taaluma hawazioni. Zinarudi zikiwa katoni.

Hapa msomaji anaweza kutaka kuhukumu mara moja, hasa akiwa mchapishaji. Asubiri, kwa sababu mtu wa Kagerankanda ana hoja yake, na ni hoja nzito.

Katika kipindi cha soko, wakala wa mchapishaji aliyekuwa na katoni 200 za kuuza alikwenda kwanza penye shule nyingi karibukaribu na barabara ya lami. Wilaya za Kasulu na Kibondo hazikuwa hivyo. Barabara kuu ya Kigoma kwenda Nyakanazi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa wilaya hizi, ilibaki ya vumbi na tope kwa miaka mingi. Gharama ya kufikisha katoni moja milimani ilikula faida ya katoni nzima. Uchaguzi wa vitabu ulikuwa haki ya kila shule kwenye karatasi, lakini shule ya mbali ilichagua kutoka katika kile kilichofika. Juu ya hayo, mtoto wa Kagerankanda aliyetumia kitabu cha mchapishaji mmoja alifanya mtihani uleule wa taifa na mtoto wa Arusha aliyetumia cha mwingine, na walimu walilalamika kwamba mada hazikupewa uzito sawa. Kitabu kimoja cha TET kiliondoa tatizo hili la pili kabisa, na la kwanza kwa sehemu: serikali haiangalii faida ya katoni. Hoja ya usawa haikubuniwa ofisini. Shule za pembezoni ziliishi na tatizo hilo.

Makosa nayo tuyatazame kwa utulivu. Wanaotetea kitabu kimoja husema wachapishaji binafsi walijaza shule makosa, na mwaka 2013 ni ushahidi wao. Wanaopinga hutaja mwaka 2017, ambapo vitabu vya TET vya madarasa ya chini navyo vilikutwa na makosa, na Wizara ya Elimu chini ya Profesa Joyce Ndalichako ikalazimika kuchukua hatua. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja, utaona kwamba umiliki hauondoi makosa. Makosa huondolewa na muda wa uhariri na majaribio ya darasani kabla ya kuchapa. Tofauti iliyopo ni ya ukubwa wa athari: kosa katika kitabu kimojawapo kati ya vinne hufika kwa baadhi ya watoto, na kosa katika kitabu cha pekee hufika kwa wote, kisha kulifuta kunataka kuchapa upya kwa nchi nzima.

Mchapishaji binafsi amebakiwa na nini? Amebakiwa na vitabu vya ziada na vya jumla. Ili kitabu cha ziada kiingie shuleni kihalali, TET hukitathmini kwa kukilinganisha na muhtasari, na ithibati hutolewa kwa mamlaka ya Kamishna wa Elimu. Kikiwa cha Kiswahili, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hukagua lugha na kutoa ithibati yake ya lugha. Mpaka wa mamlaka haya ulionekana wazi Februari 2023, pale Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, alipopiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni kwa sababu za maadili, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Uamuzi ule ulitolewa kwa mamlaka ya elimu na ulihusu shule. Kuzuia chapisho lisiingizwe nchini kabisa ni jambo la sheria nyingine, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na waziri mwingine.

Kabla ya ithibati hizo, kitabu chochote, kiwe cha shule au la, hupitia mlango wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi hutoa namba ya utambulisho wa kitabu, ISBN, na hupokea nakala za kuhifadhiwa kisheria ili taifa lisipoteze maandishi yake. Chukua kitabu kipya kilichochapishwa nchini, utaikuta namba hiyo nyuma ya jalada ikiwa na tarakimu 13. Tatu za mwanzo, 978, zinasema hiki ni kitabu. Zinazofuata, kama vile 9976 au 9987, zinasema ni cha Tanzania. Kisha hufuata namba ya mchapishaji, ya kitabu chenyewe, na tarakimu moja ya mwisho ya uhakiki, inayopatikana kwa kuzidisha zilizotangulia kwa 1 na 3 kwa kupokezana, kujumlisha, na kutafuta kinachopungua ili jumla igawanyike kwa 10. Mwalimu wa hisabati wa darasa la saba anaweza kulitumia hilo kama zoezi. Kwa mchapishaji, hatua hii ni nyepesi kuliko zote.

Nzito ni ya kodi. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi, hata walio ndani ya biashara, hupitiwa.

Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, inatawaliwa na sheria ya mwaka 2014 iliyoanza kutumika Julai 2015. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara kimekuwa asilimia 18. Kodi hii hukusanywa hatua kwa hatua: mfanyabiashara aliyesajiliwa humtoza mteja kodi, kisha hutoa humo ile aliyolipa yeye mwenyewe aliponunua malighafi, na kupeleka serikalini tofauti. Sasa, bidhaa inaweza kupewa nafuu kwa njia mbili ambazo kwa masikio zinafanana. Njia moja ni kiwango sifuri: mteja hatozwi kitu, na muuzaji anarudishiwa kodi yote aliyolipa kwenye malighafi. Njia nyingine ni msamaha: mteja hatozwi kitu, lakini muuzaji harudishiwi chochote. Katika msamaha kodi haijaondoka. Imezama ndani ya gharama.

Vitabu Tanzania vimewekwa kwenye msamaha. Rudi kwenye mfano wetu wa nakala 5,000, ambazo gharama yake ni shilingi 14,000,000. Kwa urahisi wa hesabu, tuichukue yote kuwa bili ya mpigachapa. Akimtoza mchapishaji VAT kwa kazi ya kuchapa, hiyo ni shilingi 2,520,000 zaidi. Mchapishaji anauza bidhaa yenye msamaha, hivyo hana pa kuidai. Kila nakala imebeba shilingi 504 za kodi isiyoonekana kwenye risiti ya msomaji. Ikichukuliwa kwamba alichouza mpigachapa ni vitabu vyenyewe, si huduma, basi hatamtoza mchapishaji, lakini yeye mwenyewe hatarudishiwa kodi aliyolipa kwenye karatasi, wino na mabamba. Malighafi hizo zikiwa za shilingi 9,000,000, kodi yake ni 1,620,000, sawa na shilingi 324 kwa nakala, nayo ataiingiza kwenye bei yake. Njia yoyote utakayopita, kodi imo kitabuni.

Linganisha na kitabu hichohicho kikichapwa India au China kisha kikaletwa Dar es Salaam. Mpakani hakitozwi VAT, kwa kuwa kina msamaha. Na kilikotoka, nchi nyingi humrudishia msafirishaji kodi alizolipa kwenye malighafi, kwa sababu bidhaa inayouzwa nje huhesabiwa kwa kiwango sifuri. Kinafika kikiwa safi. Msamaha uliokusudiwa kumsaidia msomaji wa Kitanzania umemsaidia pia mpigachapa wa ng'ambo dhidi ya mpigachapa wa nyumbani.

Ushuru wa forodha unasukuma upande uleule. Mkataba wa Florence wa mwaka 1950, uliosimamiwa na UNESCO, unataka vitabu vipite mipakani bila ushuru, na ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaviweka vitabu kwenye asilimia sifuri. Hilo ni jema, na mtu yeyote asilitikise. Lakini mkataba wa awali haukusema kitu juu ya karatasi tupu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 1976 iliongeza malighafi na mitambo ya kutengenezea vitabu, ila kama kiambatisho cha hiari. Katika ushuru wa Jumuiya, wenye ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, karatasi hutozwa kulingana na aina yake, kwa nia ya kulinda viwanda vya karatasi vya ndani. Nchi mwanachama inaweza kuomba nafuu kwa malighafi fulani, lakini nafuu hizo hutangazwa kwa mwaka mmoja mmoja. Mtambo wa kuchapa hununuliwa kwa hesabu ya miaka kumi. Hakuna anayekopa benki kwa kutegemea tangazo la miezi 12.

Majirani wametupa mifano miwili ya kupima. Kenya iliviondoa vitabu kwenye kiwango sifuri kwa sheria yake ya VAT ya mwaka 2013 na kuvitoza asilimia 16. Kodi hiyo mnunuzi anaiona waziwazi kwenye risiti, na wachapishaji wa Kenya wameilalamikia tangu hapo. Kwa upande wa shule, Kenya mwaka 2018 ilianza kununua kitabu kimoja cha msingi kwa kila somo kutoka serikali kuu, lakini kitabu hicho hupatikana kwa mashindano: wachapishaji huandika, taasisi ya mitaala hupima ubora na bei, mshindi huchapa na kufikisha shuleni. Mtoto wa Turkana na wa Nairobi wanasoma kitabu kimoja, na bado kuna wachapishaji zaidi ya mmoja walio hai. Kumbe kitabu kimoja na mwandishi mmoja ni mambo mawili tofauti, ingawa kwetu yamefungwa pamoja.

Mfano wa pili uko karibu na Kagerankanda. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, katika wilaya hiyohiyo ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na kuanzia 2015 ikapokea maelfu ya Warundi. Shule zake zimefuata mitaala ya Kongo na ya Burundi. Kwa hiyo katika wilaya moja watoto wanaoshiriki mvua moja wamesoma vitabu vya dola tatu. Kitabu cha shule hufuata mtaala, hakifuati mahali, na ndiyo maana mpigachapa wa Kasulu, hata angekuwapo, asingeweza kutegemea oda ya kambini.

Je, uchapaji mikoani hauwezekani basi? Historia inasema uliwezekana. Tabora, mkoa jirani, ilikuwa na kiwanda cha TMP cha wamisionari Wakatoliki pale Kipalapala, kilichochapa na kuchapisha vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi. Misheni za Peramiho na Ndanda zilikuwa na mitambo yake, na Vuga, Usambara, ikawa na ya Walutheri. Mitambo ile haikuishi kwa sababu ya ukaribu wa bandari. Iliishi kwa sababu ilikuwa na mnunuzi wa uhakika, yaani kanisa lenye kuhitaji katekisimu na vitabu vya sala kila mwaka, na ilikuwa na njia ya usambazaji iliyokwisha kuwapo: parokia. Mambo hayo mawili, oda ya uhakika na njia ya kufikisha, ndiyo ambayo kanuni za leo zimeyakusanya mahali pamoja, Dar es Salaam na Dodoma.

Kinachobaki katika mji wa wilaya ni steshenari. Iangalie kwa karibu. Kuna mashine ya fotokopi, kompyuta ya kuchapia barua, madaftari, kalamu, bahasha, pengine Biblia na Kurani na vitabu vichache vya maswali na majibu. Mwanafunzi wa sekondari anakuja na riwaya teule ya kurasa 160 aliyoazima. Kurasa mbili huwekwa upande mmoja wa karatasi, zinakuwa kopi 80; kwa shilingi 100 kila kopi, ni 8,000, bado hujalipia kubaindi. Kitabu halisi kinaweza kabisa kuwa na bei ya chini ya hapo. Kopi haikishindi kwa bei. Inakishinda kwa kuwapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kurudufu kitabu kizima kwa biashara ni kosa. Lakini Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, hata ikifunga mashine zote za Kasulu kesho asubuhi, mwanafunzi yule hatanunua kitabu halisi, kwa kuwa hakipo.

Jambo moja jingine lipitiwe upesi: mabadiliko ya mtaala. Yalifanyika 2005, yakafanyika 2015 kwa madarasa ya chini, na mtaala wa 2023 ulianza kutumika Januari 2024. Kila mabadiliko hugeuza stoo ya vitabu kuwa karatasi chakavu. Serikali inaweza kubeba hasara hiyo. Mchapishaji wa ziada mwenye nakala 3,000 ghalani hawezi, kwa hiyo huchapa chache, na tumekwisha kuona nakala chache hufanya nini kwenye bei.

Sasa naweza kusema ninavyoona. Kitabu kimoja cha kiada kibaki. Kwa shule za Kasulu na Kibondo kilileta usawa ambao soko halikuuleta kwa zaidi ya miaka 20, na kukiondoa leo kungeziadhibu kwanza shule za mbali. Mashindano ya kuandika, kama ya Kenya, yanaweza kufikiriwa baadaye, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET tangu 2022, imeonyesha kwamba taasisi hiyo inaweza kupokea miswada ya watu wengi na kuipima kwa haki.

Kodi, hata hivyo, irekebishwe bila kungoja. Vitabu vitolewe kwenye msamaha na kuwekwa kwenye kiwango sifuri, na sheria iseme waziwazi kwamba kazi ya mpigachapa ya kutengeneza kitabu imo ndani ya kiwango hicho. Nasisitiza sehemu hii ya pili kwa sababu wachapishaji wengi wadogo hawafikii mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka ambayo tangu Julai 2023 ndiyo kizingiti cha kusajiliwa VAT. Asiyesajiliwa hawezi kudai marejesho. Nafuu itamfikia tu ikianzia kwa mpigachapa, aliyesajiliwa na anayenunua karatasi. Serikali itapoteza mapato kiasi, na hazina itapaswa kurejesha fedha kwa wakati, la sivyo kiwango sifuri kitakuwa msamaha kwa jina jingine.

Na katika zile shilingi 4,000 za vitabu, shilingi 500 zirudi shuleni kwa ajili ya vitabu vya ziada vyenye ithibati tu, vinunuliwe ndani ya wilaya. Kwa ile shule ya watoto 600 ni shilingi 300,000 kwa mwaka, yaani vitabu 60 vya hadithi vya shilingi 5,000. Wilaya yenye shule 100 za ukubwa huo ingekuwa na oda ya shilingi milioni 30, kila mwaka, kwa tarehe inayojulikana. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulitumia kanuni hiyohiyo kwa kumhakikishia mchapishaji mapema kwamba sehemu ya nakala zitanunuliwa, na vitabu vya watoto vya Kiswahili vikaongezeka. Oda ya namna hiyo ikitangazwa Julai, mwenye steshenari wa Kasulu anaweza kuagiza katoni zake Septemba, wakati barabara ya Kagerankanda bado kavu.